Bata wa Shaba wa Rumanyika

Wanafunzi wangu wa Kyerwa wanaijua picha ya Prometheus: sanamu ya shaba iliyopakwa dhahabu, kazi ya Paul Manship, iliyosimamishwa New York mwaka 1934. Nikishawasimulia jinsi Prometheus alivyowaibia miungu wa Wagiriki moto, nawapeleka Bweranyange, ikulu ya kale ya ufalme wa Karagwe, maana kwetu mfalme Ndagara mwenyewe anatajwa kuwa mhunzi.

Ndagara alipofariki katikati ya karne ya 19, wanawe waligombea kiti. Mmoja wao, Rumanyika, alimsimulia mpelelezi Speke, aliyefika mwaka 1861, kwamba kiliwekwa mbele yao kigoma kidogo chenye dawa. Wenzake walishindwa kukiinua. Yeye akakiinua kwa kidole cha mwisho. Wagiriki nao wana Theseus, aliyeinua jiwe akachukua upanga na viatu alivyoachiwa na baba yake.

Mwaka 1876 mpelelezi mwingine, Stanley, aliingia katika nyumba ya hazina ya Rumanyika, ya mviringo, yenye paa kama kuba. Alikuta bata 16 wa shaba wenye mabawa ya shaba nyekundu, pofu 10, na ng'ombe 10 wa shaba nyekundu wasio na vichwa. Mikuki na visu alivisifu sana, bata akawaona ni kazi duni. Hapo sikubaliani naye hata kidogo. Mhunzi aliyempa bata mwili wa rangi moja na mabawa ya rangi nyingine, akaunganisha metali mbili zisizofanana, alijua anachokitafuta. Na mbele ya mfalme halikuwekwa pambo la kupendeza macho tu. Katika vitu hivyo mlikuwa na mamlaka ya ukoo wa Wahinda, wanaojihesabu kuwa uzao wa Wamara, mfalme wa Wachwezi, watawala wa kale wa masimulizi.

Kuyeyusha chuma kulijulikana Kagera zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Shaba ndiyo iliyosafiri: wafanyabiashara wa pwani na Muscat waliojenga kituo cha biashara cha Kafuro walitaka pembe za ndovu, na nyaya za shaba zilikuwa miongoni mwa bidhaa za misafara.

Utawala wa machifu ulifutwa mwaka 1963. Mwaka 2019 jina la Rumanyika likapewa hifadhi ya taifa katika wilaya zetu. Naomba langoni pake asimamishwe bata wa shaba mwenye mabawa mekundu, afuliwe na mhunzi wa hapa hapa, na chini yake liandikwe jina la Ndagara.