Kilometa Chache Si Umri Mdogo

Wiki hii nazungumzia bei ya gari kubwa la fahari, la zamani, ambalo dalali anaapa kwamba "halijatembea". Wapo wenzetu wanaokubali kulitolea mafao ya kazi ya maisha yao yote kwa sababu tu mita inaonyesha kilometa chache. Je, namba hiyo inastahili heshima tunayoipa? Nitachukua mfano wa Mkoa wa Mara, katika wilaya za Tarime na Serengeti.

Mnunuzi wa ng'ombe mnadani haulizi mnyama ametembea maili ngapi. Humfungua mdomo akatazama meno, kisha akatazama kwato na mgongo. Umri anausoma mwilini. Magari yalipoingia, naona hekima hiyo tuliiacha mnadani.

Land Rover ilizinduliwa Amsterdam, Uholanzi, mwaka 1948, na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ikaanzishwa mwaka 1951. Land Rover za zama zile zilihesabu maili, na mita yake ilikuwa na tarakimu tano. Ikipita 99,999 ilianza tena kwenye sifuri. Kwa hiyo gari kuukuu linaloonyesha maili 20,000 huenda limekwenda 120,000. Tena maili si kilometa: maili 60,000 ni zaidi ya kilometa 96,000. Asiyeuliza anasoma nini amekwisha kupunjwa kabla ya kuhesabu noti.

Hata fahari yenyewe ilikuja baadaye. Range Rover ilipotoka mwaka 1970 ilikuwa gari la shambani pia. Sakafu yake iliweza kuoshwa kwa mpira wa maji. Land Cruiser VX ya miaka ya 1990 ndiyo iliyowafanya Watanzania waseme "shangingi".

Kwa nini basi magari makuukuu yalipata bei kubwa? Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, fedha za kigeni ziliadimika. Gari la miaka mingi, mradi liwake, lilikuwa mali. Mwaka 1984 serikali iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa walikozipata, na baadaye magari yaliyotumika ya Japani yakafurika. Kwa maoni yangu, hapo ndipo kilometa zilipopata sauti: magari yalifanana, na muuzaji alihitaji kitu cha kulisifia la kwake.

Lakini mtoza kodi hakushawishika. Mamlaka ya Mapato, iliyoanza kazi mwaka 1996, hukadiria gari lililotumika kwa aina yake, mwaka wa kutengenezwa na ukubwa wa injini. Lililozeeka huongezewa ushuru kwa uzee wake, hata kama mita inasoma kidogo.

Sasa turudi Serengeti. Ndani ya hifadhi mwendo wa juu ni kilometa 50 kwa saa, na mara nyingi gari husimama likiunguruma wageni wakitazama simba. Chukueni magari mawili yenye kilometa 60,000 kila moja. La kwanza lilikwenda kwenye lami kwa wastani wa kilometa 80 kwa saa. Injini yake imefanya kazi saa 750. La pili lilizunguka porini kwa wastani wa 20. Limefanya kazi saa 3,000. Mita zinasema mamoja, lakini injini moja imefanya kazi mara nne ya mwenzake.

Na lile lililofungiwa uani kwa miaka? Nalo limezeeka. Mipira hupasuka, sili hukauka, mafuta huganda kwenye tangi. Katika mvua na tope la milima ya Tarime, kutu huila chesisi ikiwa imelala.

Basi tulipime gari kama ng'ombe. Tazama mpira wa pedali, usukani na kiti cha dereva: vikiwa vimechakaa na mita inasoma 40,000, mmojawapo anadanganya. Soma tarakimu nne za mwisho ubavuni mwa tairi. Kwa tairi za tangu mwaka 2000, hizo ni wiki na mwaka wa kutengenezwa. Dai kumbukumbu za matengenezo na cheti lilichotoka nacho ng'ambo. Lala chini ya gari pamoja na fundi wako, si fundi wa muuzaji.

Bei ianze kwenye ile ya gari la umri huo huo lenye hali ya kawaida. Toa gharama ya kila kitakachobadilishwa. Nyongeza kwa ajili ya kilometa chache itolewe pale tu karatasi na mwili wa gari vinapokubaliana. Muuzaji mkweli hapotezi kitu, kwa kuwa anao ushahidi. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, hata kama mita yake inasema hakijatembea.