Mkono Unaocheza, Akili Inayorudi: Funzo Kutoka Ufipa

Leo tunakwenda mbali na bahari, hadi Sumbawanga, makao makuu ya Mkoa wa Rukwa, juu ya uwanda wa Ufipa ulio baina ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa. Linalotupeleka huko linagusa nyumba nyingi, za bara na za visiwani: mwanamke aliyeumia kichwa, jeraha likapona, lakini bado si yule tuliyemjua.

Jina la mji lenyewe ni funzo. Kwa Kifipa, inaelezwa, sumba ni tupa na wanga ni uchawi. Mgeni aache uchawi wake nje. Lakini mpaka leo, huko na huku kwetu, binti akianguka na bodaboda, kisha akawa anasahau majina, anakasirika upesi au anatafuta neno asilipate, wapo wanaosema karogwa au kapandwa na shetani. Posa hurudishwa. Mwali hufichwa chumbani. Kumbe ni ubongo uliotikisika.

Ufipa ilikuwa pia nchi ya wafumaji. Joseph Thomson, msafiri wa Kiskoti aliyepita huko mwaka 1880, alizikuta nguo za pamba zikifumwa vijijini. Baadaye vitambaa vya viwandani vilienea na ufundi ule ukafifia. Mfumaji huhesabu nyuzi, hukumbuka mstari uliotangulia, na mkono wake hufuata jicho. Kuhesabu, kukumbuka, kupanga: hayo ndiyo mambo ambayo ubongo ulioumia mara nyingi huyapoteza, na ndiyo unayohitaji kujifunza upya.

Waganga wa hospitali walilitambua hili hatua kwa hatua. Mchoraji Mwingereza Adrian Hill, aliyekuwa akiugua kifua kikuu, aliona kuchora kunamsaidia. Akawafundisha wagonjwa wenziwe, wakiwemo askari majeruhi, na mwaka 1942 akaiita kazi hiyo tiba ya sanaa. Kwetu, Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, inayotibu pia ubongo na mishipa ya fahamu, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1996. Unguja, kituo cha upasuaji wa ubongo kilifunguliwa Mnazi Mmoja mwaka 2014. Na huko KCMC Moshi wanafundishwa wataalamu wa tiba kwa vitendo, wanaomrudisha mgonjwa kwenye kazi za mikono yake. Daktari wa upasuaji huokoa uhai. Kazi ya kurudisha siku za kawaida hufanyika polepole, nyingi yake nyumbani.

Hapo ndipo simu inapoingia. Binti anayepona akiipiga picha kanga yake, akabadilisha rangi, akakata ua akalihamishia pembeni, au akachora ua la hina kwa kidole, sisi huona anapoteza wakati. Ubongo wake unachagua, unapanga, unakumbuka. Akikosea, anafuta na kuanza tena bila kitambaa kuharibika wala mtu kumcheka. Na asiyepata neno anaweza kukuonyesha picha.

Yapo ya kuzingatia. Picha haichukui nafasi ya daktari wala mazoezi aliyopewa. Ubongo unaopona huchoka haraka, hivyo dakika chache zinatosha. Punguza mwanga wa simu, na kichwa kikiuma aache apumzike. Akianza kutapika, kupoteza fahamu au kifafa, ni hospitali mara moja. Picha yake mwenyewe isisambazwe bila ridhaa yake, maana sitara yake haikuondoka na ajali.

Mama, shangazi, wifi, nawe somo unayemfunda mwali: kaa naye. Muulize kwa nini kachagua kijani, umpe muda wa kujibu. Ukiwa mchumba wake au ndugu wa mchumba, muulize daktari kabla ya kurudisha posa, usimuulize mpiga ramli.

Allah awape shifaa wagonjwa wetu wote, na sisi atupe subira ya kukaa nao. Amin.