Umri wa Mama: Picha za Ubongo na Kalenda ya Ziwa Mweru

Mwaka 2012 watafiti wa mtandao wa DIAN, unaoongozwa kutoka Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, Marekani, walichapisha matokeo ya watu 128 wa familia zenye Alzheimer ya kurithi. Aina hii ni nadra, haifiki asilimia 1 ya wagonjwa wote. Hata hivyo, kila mtoto wa mzazi mwenye hitilafu hiyo ya jeni ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuirithi, na anayeirithi huanza kuugua karibu na umri ule ule alioanza mzazi wake. Picha za PET zilionyesha protini ya amiloidi ikijikusanya ubongoni miaka 15 hivi kabla ya dalili kutarajiwa.

Wasomaji wengi hustaajabia mashine. Mimi, mwanafunzi wa historia, nilikwama kwenye neno “kutarajiwa”. Kwa hesabu gani? Walichukua umri wa mshiriki, wakautoa katika umri ambao mzazi wake alianza kuonyesha dalili. Mtu wa miaka 33 ambaye mama yake alianza kupotewa na kumbukumbu akiwa na 48 amebakiwa na miaka 15. Basi nusu ya utabiri imo katika picha, na nusu nyingine imo katika simulizi ya ukoo. Huko Antioquia, Kolombia, daktari Francisco Lopera alifuatilia koo kubwa zenye ugonjwa huu tangu miaka ya 1980, na vitabu vya ubatizo vya parokia vilisaidia kuunganisha vizazi.

Nimekulia Nchelenge, katika nyumba inayozungumza Kiswahili kwa sababu upande wa mama ulitoka ng’ambo, Pweto. Sijui ukoo wowote kwetu uliothibitishwa kuwa na hitilafu hii, ila Afrika haikosi: mwaka 2004 jarida la Brain lilieleza familia ya wenyeji wa kusini mwa Afrika yenye hitilafu katika jeni ya PSEN1. Tuseme basi ukoo kama huo upo kando ya Mweru. Wengine wako Kashikishi, wengine kisiwani Kilwa, wengine Kongo. Waliokimbilia Zambia mwaka 2017 na kupelekwa Mantapala mwaka uliofuata, wengi hawakubeba vyeti. Na mtu anayeanza kusahau akiwa na miaka 45 huenda akasemwa amerogwa, wala hakuna anayeandika tarehe.

Mashine nayo iko mbali. Dawa ya PiB iliyotumiwa katika picha zile hubeba kaboni yenye mnururisho inayopungua kwa nusu kila dakika 20, hivyo hutengenezwa karibu na mgonjwa. Kutoka Lusaka hadi kwetu ni karibu kilomita 1,000.

Lakini sikubali kwamba kwa sababu hiyo hakuna la kufanya. Wazee wetu wana kalenda, isipokuwa haina tarakimu. Kuna wakati mpumbu walipokuwa tele ziwani, kabla hawajaadimika katikati ya karne ya 20. Kuna vita vya Katanga kujitenga, Julai 1960 hadi Januari 1963, kisha uhuru wa Zambia, Oktoba 1964. Kuna miaka ya 1980, uvuvi wa chisense kwa taa ulipoenea. Kuna kutawazwa kwa Mwata Kazembe wa sasa mwaka 1998. Mwanahistoria akiweka matukio mawili ubavuni mwa maisha ya mtu, moja la kuzaliwa na moja la kuanza kuugua, anapata umri wenye kosa la miaka michache. Kosa hilo si dogo, kwani miaka mitano inatosha kumweka mtu mahali pengine kabisa kwenye hesabu ya DIAN. Ni afadhali kuliko kukisia.

Kazi hii ina hatari yake. Kumpangia binti wa miaka 33 ukoo wake kwa namna hii ni kumwambia jambo ambalo hajaliuliza. Katika DIAN mshiriki ana haki ya kutojulishwa majibu ya jeni yake, na mtafiti wa simulizi anapaswa kuichukua haki hiyo hadi ufukweni.

Kwa hiyo mtafiti angeanza na wazee wenyewe, kwa ridhaa yao, na hata swali la mwaka asingeliuliza. Angeuliza: “Bibi, dada yako alipoanza kuikosa njia ya kurudi kutoka ziwani, watoto wenu walikuwa wameshaanza kuvua chisense kwa taa?”