Kukataa Kucheza Wakati wa Vita

Wasomaji wetu, sisi wa Kanazi twakaa kusini ya Mto Kagera, wala si mbali na njia ya vita. Mwezi wa Oktoba 1978 askari wa Idi Amin waliingia katika nchi iliyo kaskazini ya mto huo. Wakaua watu, wakanyang'anya ng'ombe, na daraja la Kyaka likavunjwa. Kisha Amin akatoa neno la mzaha, kwamba yeye na Mwalimu Nyerere wapigane ngumi, na Muhammad Ali awe mwamuzi. Mzaha huo haukumrudishia mtu hata ndama. Majeshi yetu yaliingia Kampala tarehe 11 Aprili 1979, na Amin akakimbia.

Basi twauliza: je, ni haki kukataa kucheza na taifa kwa sababu ya damu iliyomwagika?

Mwaka 1976 Tanzania ilikataa kwenda Michezo ya Olimpiki huko Montreal, pamoja na nchi nyingine zaidi ya 20. Sababu ni timu ya raga ya New Zealand kwenda kucheza Afrika Kusini, mwaka ule ule watoto wa shule walipopigwa risasi Soweto. Aliyelipa gharama ni Filbert Bayi, ambaye mwaka 1974 alivunja rekodi ya dunia ya mita 1500, kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Dhahabu ya Montreal ilichukuliwa na John Walker, naye ni mtu wa New Zealand.

Mwaka 1980 mambo yaligeuka. Majeshi ya Urusi yalikuwa yameingia Afghanistan, na Marekani ikayasihi mataifa yasiende Moscow. Ikamtuma Muhammad Ali yule yule Dar es Salaam. Mwalimu hakumpokea, na watu wakamwuliza Ali mbona Marekani haikusimama na Afrika mwaka 1976. Kenya haikwenda. Tanzania ilikwenda, na Bayi na Suleiman Nyambui wakapata kila mmoja medali ya fedha. Uganda nayo ilikwenda, na John Mugabi akapata fedha katika ngumi.

Wako wasemao kwamba Tanzania ilipima kwa mizani miwili, maana Waafghani nao walikufa. Neno hilo ni zito, wala hatulipuuzi. Walakini twaona tofauti. Huko Afrika Kusini michezo yenyewe ilitenga watu kwa rangi, na walioonewa wenyewe waliomba itengwe. Mwito wa Moscow ulitoka kwa taifa kubwa lililoshindana na taifa kubwa, na wapiganapo tembo, nyasi huumia.

Tena, je, sisi tulioibiwa ng'ombe tungalitaka Mugabi azuiwe kwa ajili ya dhambi ya Amin? Hasha.

Kwa hiyo atakaye kuwaamuru vijana wasicheze, na ajiulize kwanza: ni nani aliyeomba, na ni nani atakayelipa? Akiisha kuamuru kwa haki, asimsahau kijana aliyekaa nyumbani, kwa kuwa yeye ndiye aliyetoa sadaka.