Mpaka wa Kionga na Alama Zake
Kwa mapatano ya 1886, Wajerumani na Wareno waliufanya mto Ruvuma kuwa mpaka wa makoloni yao. Hata hivyo, mwaka 1894 Wajerumani waliikalia Kionga, kusini mwa mlango wa mto, wakidai mpaka uanzie Rasi ya Delgado, kwenye latitudo ya digrii 10 na dakika 40 kusini. Wareno waliiteka mwaka 1916, na Mkataba wa Versailles wa 1919 ukaikabidhi rasmi kwa Ureno. Tangu hapo mstari ule ulikosa mwenye kuufyekea. Atafutaye alama za mpaka wa namna hiyo hana budi kuwauliza wenyeji kwanza: jiwe humezwa na pori, bali jina la mahali huendelea kutamkwa. Kionga ingali Kionga, upande wa Msumbiji.