Kansere ya utumbo mkubwa: jeni za homoni zinasema nini, na hazisemi nini

Kansere ya utumbo mkubwa ni ya tatu duniani kwa wingi wa wagonjwa. Mwaka wa 2022 ilipata watu karibu milioni 1,9, na karibu 900 000 walikufa nayo. Ikipata watu wawili wa jamaa moja, maneno yanaanza: wengine wanasema laana, wengine uchawi, wengine "iko ndani ya damu". Tuangalie kile sayansi inajua.

Homoni inaingia namna gani?

Ugonjwa huu unapata wanaume zaidi kuliko wanawake. Ndiyo sababu watafiti walijiuliza kama estrojeni, homoni ya kike, inakinga utumbo.

Kule Marekani, utafiti wa Women's Health Initiative ulifuata wamama 16 608 wa miaka 50 mpaka 79, waliokwisha kukoma kuona siku zao. Kundi moja lilipewa vidonge vya estrojeni na projestini, lingine vidonge bila dawa. Kisha miaka karibu 5 na nusu, kansere ya utumbo ilipata wamama 43 upande wa homoni, na 72 upande mwingine.

Inaonekana ni habari njema. Lakini kwa wale 43, kansere ilionekana ikiwa imekwisha kuenea zaidi. Tena vidonge viliongeza kansere ya titi, damu kuganda ndani ya mishipa, na kupooza. Mwaka wa 2002 wamama waliambiwa waache kuvimeza. Kwa hiyo, mama, usimeze homoni ukifikiri unakinga utumbo.

Na jeni?

Jeni ni sawa maagizo yaliyoandikwa ndani ya chembe za mwili. Jeni moja, ESR2, inatengeneza kitu sawa kitasa, na estrojeni ndiyo ufunguo wake. Ndani ya utumbo wenye afya vitasa hivyo viko vingi. Ndani ya kansere mara nyingi vinapungua. Jeni nyingine, CYP19A1, inasaidia mwili kugeuza homoni za kiume kuwa estrojeni.

Kila mtu iko na jeni hizo, lakini herufi moja moja zinaachana kati ya mtu na mtu. Watafiti walilinganisha wagonjwa na watu wazima wa afya. Walipata tofauti ndogo, na mara nyingi utafiti mmoja ukisema ndiyo, mwingine unasema hapana. Tena wengi waliopimwa ni watu wa asili ya Ulaya. Kwa hiyo hakuna munganga anayeweza kusoma jeni zako za homoni na kukuambia kama utapata kansere.

Jeni zenye uzito wa kweli

Ziko zingine: MLH1, MSH2, MSH6 na PMS2. Kazi yao ni kurekebisha makosa wakati chembe inajigawa. Moja ikiharibika, inaleta ugonjwa wa kurithi unaoitwa Lynch. Mzazi akiwa nao, kila mtoto iko na nafasi moja juu ya mbili ya kuurithi. Unaleta kansere ya utumbo, mara nyingi mbele ya miaka 50, na kwa wanawake kansere ya kizazi pia. Lakini ni kama wagonjwa 3 tu juu ya 100 wa kansere ya utumbo.

Hapo ndipo jamaa inaweza kuzika watu vizazi vitatu na kufikiri ni laana, kumbe ni urithi wa mwili. Hakuna wa kumshitaki.

Ufanye nini?

Damu ndani ya choo, choo kubadilika kwa wiki nyingi, kukonda, kupungukiwa damu: usikae miezi ukimeza dawa za amiba ao za bawasiri bila kupimwa. Uende opitali. Umwambie munganga nani wa jamaa alipata kansere, ya sehemu gani, na akiwa na miaka ngapi. Uulize pia kama unaweza kupata kolonoskopi, ni kusema kamera inayoingizwa ndani ya utumbo. Kansere ikionekana mapema, upasuaji unaweza kuiponyesha. Jina la jeni hauna lazima kulijua. Historia ya jamaa yako, ndiyo.