Masafa ya Hatua Kumi: Tarikhi ya Kurushiana Katika Nyanda za Juu Kusini

Waandishi wa tarikhi ya mawasiliano katika nchi yetu wana desturi ya kuhesabu mambo makubwa: nguzo za simu, reli, minara juu ya vilele, na nyaya zilizozamishwa katika vilindi vya bahari, nami sina nia ya kuyapunguzia hadhi, kwa kuwa bila hayo Mbeya na Iringa zingalibaki baidi na ulimwengu kwa muda mrefu kuliko zilivyobaki. Lakini liko jambo dogo lililopita mikononi mwa vijana, wakulima, wanakwaya na wachuuzi wa miji hii miwili na vijiji vyake, likawawezesha kupeana sauti na picha bila ya waya, bila ya ijara, na bila ya kuomba idhini kwa mtu yeyote isipokuwa yule aliyesimama mbele yao. Nakusudia desturi ya kurushiana kwa Bluetooth, na ile iliyozaliwa ubavuni mwake, ya kuifanya simu ya mtu mmoja kuwa mlango wa intaneti kwa wenzake. Naamini kuwa desturi hiyo yastahili kuandikwa ingali na mashahidi.

Ili tuijue thamani yake, yatupasa kutazama jinsi habari zilivyokuwa zikiingia katika nyanda hizi zamani. Katika dola ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe, habari ilikwenda kwa miguu ya tarishi. Na Wajerumani walipoiteka ngome yake ya Kalenga mwezi Oktoba 1894, na Mkwawa mwenyewe alipofariki mwaka 1898, mwenye boma ndiye aliyekuwa mwenye habari. Mwaka 1899 Cecil Rhodes alikwenda Berlin kuonana na Kaisari Wilhelm II, akapata ruhusa ya kupitisha katika ardhi ya Wajerumani ule waya wa telegrafu aliotaka utoke Rasi ya Tumaini Jema ufike Kairo. Waya huo ulipanda kutoka kusini, ukakata nchi iliyo kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, jirani na ardhi ambayo leo twaiita Songwe na Mbeya, ukafika Ujiji na kuishia hapo. Wenyeji waliuona ukipita juu ya vichwa vyao, ukichukua maneno ya wengine kwenda kwa wengine.

Hata mawasiliano yasiyo na waya yalipowasili nchini, yaliwasili yakiwa silaha ya dola. Wajerumani walijenga vituo vya redio Mwanza, Bukoba na Dar es Salaam, na vita vilipozuka, manowari ya Kiingereza iitwayo Astraea ilifika mbele ya Dar es Salaam tarehe 8 Agosti 1914 ikakipigia mizinga kituo cha mji huo. Baadaye Mbeya, mji uliokuzwa na dhahabu ya Lupa, ulijikuta tangu mwaka 1932 katika njia ya ndege za Imperial Airways zilizochukua barua kati ya London na Cape Town. Barua ya bwana ilipita juu ya mlima Loleza ikafika Ulaya kwa siku chache, ilhali kijana wa Kinyakyusa aliyekwenda kuchimba shaba Rhodesia ya Kaskazini au dhahabu Afrika ya Kusini aliwangoja wenzake wanaorejea nyumbani ndipo awape salamu za mama yake.

Redio ya Dar es Salaam ilianza kutangaza mwaka 1951, ikawa shirika la utangazaji la Tanganyika mwaka 1956, na Radio Tanzania mwaka 1965. Hapana shaka kwamba redio iliwaunganisha watu wa Iringa na Mbeya na taifa lao kuliko chombo chochote kilichoitangulia. Lakini redio ilisema, na msikilizaji akasikiliza. Kama alikuwa na la kusema, aliandika kadi ya salamu, akaitia posta, akakaa kungoja jina lake lisomwe. Simu za Posta nazo zilitaka mtu aende mjini, amwombe opereta, akae kwenye benchi mpaka aitwe. Simu za mkononi zilianza nchini mwaka 1994, na baada ya mwaka 2000 makampuni yaliposhindana minara ikaanza kupanda milimani, ila kila neno lilikuwa na bei yake, na ndiyo sababu watu wakajifunza kubipu: kuita mara moja na kukata kabla mwenzio hajapokea, ili yeye mwenye vocha ndiye apige.

Twaona basi kwamba kwa zaidi ya miaka mia moja kila chombo kilichokuja kilikuwa na mwenyewe aliye mbali, naye ndiye aliyepanga nani aseme na kwa kiasi gani.

Bluetooth ilizaliwa mbali vile vile. Katika mji wa Lund nchini Sweden, mwaka 1994, wahandisi wa kampuni ya Ericsson, miongoni mwao Jaap Haartsen na Sven Mattisson, walianza kutafuta njia ya kuiunganisha simu na vyombo vilivyo karibu nayo pasipo waya; mwaka 1998 Ericsson ikashirikiana na IBM, Intel, Nokia na Toshiba kuunda jumuiya ya kuisimamia kazi hiyo, na mwaka 1999 kanuni za kwanza zikatolewa. Walichagua mawimbi ya gigahezi 2.4, na uchaguzi huo, ambao msomaji aweza kuudhania ni wa kifundi tu, ndio uliokuja kuwa na manufaa makubwa kwetu. Mataifa yalipokutana Atlantic City, Marekani, mwaka 1947 kugawana anga la redio, yalitenga baadhi ya mawimbi, hayo yakiwamo, kwa ajili ya viwanda, sayansi na tiba, na katika nchi nyingi mawimbi hayo hatimaye yakaachwa yatumiwe na vyombo vya nguvu ndogo bila ya mtu kukata leseni. Kwa hiyo kijana wa Kihesa mjini Iringa aliyemrushia mwenzake wimbo alikuwa akiendesha kituo cha redio, kidogo lakini halisi, wala hapakuwa na ofisi ya kumdai kibali.

Kwa kuwa mawimbi hayo ni ya wote, yana msongamano; na dawa yake ilikuwa kuyagawa katika vijia 79, kisha kuvifanya vyombo viwili vinavyozungumza virukeruke kutoka kijia kimoja hadi kingine mara 1600 kwa sekunde, kwa mpango ambao vyote viwili vinaufuata. Miongoni mwa waliolifikiri mapema wazo la kurukaruka namna hii ni mwigizaji wa sinema Hedy Lamarr na mtunzi wa muziki George Antheil, waliopewa hataza yake Marekani mwaka 1942, wakitaka mawimbi ya kuongozea mabomu ya majini yasiweze kuvurugwa na adui. Nalitaja hili kwa sababu lanipendeza kwamba mtunzi wa muziki alikuwa na mkono wake katika hila iliyokuja kuzibeba nyimbo nyingi namna ile.

Kwetu desturi hii ilianza kuonekana baada ya mwaka 2003, zilipotoka simu za namna ya Nokia 6600, ambazo wakati huo zilikuwa za wenye nafasi. Kabla yake ilikuwapo infraredi, iliyotaka simu mbili zilazwe mezani zikitazamana, na ukizitikisa kazi imekatika. Kuenea kwenyewe kulikuja na simu za Kichina, zenye laini mbili, spika ya kelele na nafasi ya memori kadi, zilizopita Kariakoo na Tunduma mpaka zikafika katika mabanda ya Mwanjelwa mjini Mbeya na maduka ya Mashine Tatu mjini Iringa. Hapo ndipo wimbo ulioingizwa kwenye simu ya utingo huko Dar es Salaam asubuhi ulipoweza kupanda Kitonga kwa basi, ukaachwa Iringa mchana, ukashuka Mbeya usiku, kilomita zaidi ya 800, na kesho yake ukawa Tukuyu; na kutoka hapo ukaendelea kwa mguu na kwa baiskeli hadi Ileje, Kilolo, au Makete, ambayo kabla ya mwaka 2012 ilikuwa ya Iringa, mahali ambapo mtandao ulikuwa wa kupanda kilimani na kuutafuta.

Kurusha kulikuwa na taratibu zake. Mpokeaji aliwasha Bluetooth na kuiruhusu simu yake ionekane; mtumaji alichagua wimbo na kutafuta, na majina ya simu zilizo karibu yakajipanga juu ya kioo, naye akauliza, “Wewe ndiye nani hapa?” kwani sokoni jioni majina yangeweza kuwa mengi na mengine ya ajabu. Kisha namba ya siri, aghalabu 0000 au 1234, iliandikwa pande zote mbili, na simu ikamwuliza mpokeaji kama akubali au akatae. Wimbo wa megabaiti nne ulichukua dakika moja, pengine zaidi, na katika muda huo ilikuwa lazima wawili wale wasimame ndani ya hatua kama kumi. Hapo ndipo alipoulizwa mwimbaji ni nani, kwaya ni ya usharika upi, mwenzako umeupata kwa nani. Ukiacha ile infraredi, hakuna chombo kilichotangulia, wala sioni kilichofuata, kilichowalazimisha watu kuonana uso kwa uso ndipo wapate kupashana habari; na kwa rai yangu sharti hilo, ambalo wahandisi wangeweza kulihesabu kuwa upungufu, ndilo lililoifanya desturi hii iwe ya adabu kuliko zilizokuja baada yake. Ilikuwa vigumu mtu kukupa usichokitaka pasipo kujulikana ni nani aliyekupa.

Haikuwa salama daima. Mwaka 2004 duniani kulizuka kirusi kiitwacho Cabir, kilichojirusha chenyewe kwa Bluetooth katika simu za namna ile ile ya Nokia 6600, na ambacho kinga yake mojawapo ilikuwa kukataa ulipoulizwa. Tena wako watu ambao picha zao za faragha zilienezwa kwa njia hii, na jeraha lao halikupona kwa sababu tu mambo yamebadilika.

Ya intaneti ilikuja kwa mlango mwingine. Wale wahandisi wa Bluetooth hawakukusudia nyimbo tu. Tangu mwanzo walipanga kiwepo kisanduku kilichochomekwa waya wa mtandao kwa nyuma, kikawekwa juu katikati ya chumba, kikapewa jina na namba ya siri, kisha simu au kompyuta iliyo jirani ikikitafuta na kuoana nacho ikapewa anwani na kuingia mtandaoni, vyombo saba kwa wakati mmoja na si zaidi. Visanduku hivyo viliuzwa Ulaya mapema katika miaka ya 2000, lakini Wi-Fi, iliyokuwa na kasi mara kumi na zaidi, ikavipita kabla havijaota mizizi.

Huku kwetu mwanafunzi ndiye aliyekijenga kisanduku chake mwenyewe kwa alivyokuwa navyo. Katika mabweni ya Chuo cha Ufundi Mbeya, ambacho kilianzishwa mwaka 1986 na leo ni Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, kama katika mabweni ya vyuo vya Iringa, aliyekuwa na kompyuta bila ya modemu aliioanisha na simu yake kwa Bluetooth, akaiagiza kompyuta ipige *99#, na simu ikiwa imelazwa dirishani ambako mtandao unashika, barua pepe ikaanza kushuka pole pole. Zilipoenea simu za Android, kazi hiyo ikawa ya kugusa kioo tu: mwenye bando afungua mipangilio, aruhusu wengine watumie intaneti yake kwa Bluetooth, nao waioanishe na kuingia. Ni kweli kwamba wengi huwasha hotspoti ya Wi-Fi, kwa kuwa ni ya kasi. Lakini penye umeme wa taabu, Bluetooth ilikuwa na fadhila ya kutoimaliza betri, na ya kutompa mlango mtu asiyejulikana.

Yabaki haki ya mtunzi, nalo ni jambo nisilotaka kulipita kwa haraka. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 ilikuwapo, na mwaka 2013 serikali ikaanza kubandika stempu za kodi kwenye kazi za muziki na filamu. Lakini stempu hubandikwa kwenye kasha, na wimbo uliorushwa hauna kasha. Mwenye duka la steshenari aliyejaza memori kadi kwa malipo alijipatia riziki yake, mpokeaji akapata furaha yake, na kwaya ya kijijini iliyochanga fedha za mavuno kulipia studio haikupata kitu. Wako wasemao kwamba ilipata kujulikana, na kwa hakika zilikuwako nyimbo zilizovuma Mbeya yote kabla ya kuguswa na kituo chochote cha redio. Hata hivyo kujulikana hakulipi deni la studio, nami sioni kwa nini wale walioimba ndio pekee waliotakiwa kutoa sadaka.

Leo desturi imenyauka. Bando na WhatsApp vimechukua kazi ya kurusha, na Bluetooth imebakiwa na kuunganisha spika na visikilizio vya sikioni. Katika madroo ya nyumba nyingi za Iringa, Njombe na Rungwe zimo simu za Kichina zilizokufa betri, na ndani yake memori kadi zenye kwaya zilizokwisha vunjika, ngoma za harusi, na sauti za mababu waliorekodiwa wakisimulia. Hizo hazimo mtandaoni, na kadi hazidumu milele. Makumbusho yaliyo katika jengo la Boma la Wajerumani mjini Iringa, na vyuo vikuu vya mikoa hii, vingeweza kuzikusanya kwa gharama ndogo: kompyuta moja, kisoma kadi, na mtu mvumilivu wa kumwuliza kila aletaye kadi yake jina la kwaya, kijiji ilikotoka, mwaka kama aukumbuka, na nani aliyemrushia.